Andika Sitini

Viti vimekwenda, redio imekwenda,
baiskeli ya tata imetoka getini ikisukumwa,
haina pampu, na bado watu waliigombania
hadi Fwamba, mpiga mnada, akakauka koo.
Kisha akainua mkebe wa maziwa ya unga,
akautikisa, akasikiliza,
akaurudisha chini taratibu kama wenye mayai.
"Huu haunadiwi uani mbele ya watoto.
Tafuteni mwenye kibali. Uzeni mlangoni."

Basi tumekaa jikoni, mimi na mama,
Katuba, avenyu isiyo na umeme wiki ya pili,
tunahesabu risasi za marisau
juu ya meza tunayolia bukari.
Nyekundu, kalibre kumi na mbili,
vitako vya shaba vimepauka;
shaba ya hapa, nadhani, iliyokwenda ng'ambo
ikaturudia na bei yake.

Bunduki yenyewe tuliipeleka komine
matanga yalipoanuliwa. Wakatupa karatasi yenye muhuri.
Risasi hawakuziuliza.
Nasi hatukuwakumbusha.

Na kuna daftari.
Tata alikuwa mtu wa tanuru na mizani,
hakuna risasi iliyotoka bila kuandikwa:
Kanga wawili, ng'ambo ya Kafubu, mvua ya kwanza.
Funo, nusu kwa shemeji.
Nimekosa. Jua machoni.
Nguruwe mwitu: karo ya Musonda, muhula wa pili.
Musonda ni mimi.
Hesabu za desimali nilizijua
kwa gharama ya nguruwe yule,
na leo ndizo zinazonisumbua.

Daftarini zimebaki sitini na mbili.
Mezani ziko sitini.
Nazipanga upya, kumi kumi, kama mafungu ya nyanya.
Sitini.
Narudi nyuma hadi kurasa za mwaka ule
treni zilipojaa watu na magodoro,
na nyumba ya Mpoyi, tuliyochangia nayo ukuta,
ikaamkia haina mlango, haina Mpoyi.
Ukurasa upo. Tarehe ipo, kwa mkono wake.
Chini ya tarehe, karatasi tupu.

"Mama, mbili zilikwenda wapi?"
Anachekecha unga. Anachekecha
unga uliokwisha chekechwa.
"Andika sitini.
Mnunuzi halipii zisizokuwepo."

Saa moja jioni anaingia Ngosa wa njia ya Kasenga,
kibali chake ndani ya mfuko wa plastiki,
mfuko ndani ya soksi.
Hataji bei. Anaokota moja,
anaitikisa karibu na sikio, ananusa,
anapitisha ukucha ukingoni, anaokota nyingine.
Sisi tunapumua kwa zamu.
Tatu anazitenga. Zimevimba, zimekunywa unyevu.
"Hizi zitaniua mimi, kanga akitazama."

Mama anataka dola moja kwa kila moja.
Ngosa anataja nusu, halafu anataja pori:
siku hizi anatembea siku mbili
kuufikia mti ambao haujawa makaa.
Mama anamwambia bei ya makaa anaijua,
jana amenunua gunia.
Wanavutana hivyo hadi chai inapoa,
wanakubaliana kwa hasira ya heshima,
noti zinahesabiwa mara tatu, moja iliyochanika inarudishwa.

Namuuliza, sijui kwa nini, kama huwa anaandika.
"Niandike nini?"
"Kila moja ilikokwenda."
Anafunga mkebe kwa kamba ya mpira,
anacheka kidogo, kwa adabu ya nyumba yenye msiba.
"Dada, ikishatoka si yako tena."

Zile tatu mama anazipasua kwa kisu cha mboga,
anazimwaga ndani ya ndoo ya maji zilale humo.
Asubuhi maji ni meusi,
marisau yametulia chini kama mbegu za mchicha.
Anakwenda kuyamwaga mwenyewe, hanipi ndoo,
polepole, kando ya ukuta wa Mpoyi
ambako siku hizi wapangaji wanaanika nepi.

Nimefungua daftari nimalize kazi.
Hamsini na saba: Ngosa.
Tatu: maji.
Kalamu imebaki juu ya mstari unaofuata
na mama, mlangoni, ndoo tupu mkononi,
anaiangalia kalamu, haniangalii mimi.